Bei ya Mwanasesere: Ununuzi, Sura na Deni katika Filamu za Kuki Ningyo na Romance Doll

Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kukitaja kitu ambacho filamu hizi mbili za Kijapani zimejengwa juu yake, na kila neno linabeba hukumu yake. La kwanza ni bandia. Kamusi za zamani zinalifasiri neno hili kuwa ni mtoto wa kuchezea, wa matambara au wa mti, kabla ya kulipanua hadi kila kitu kisicho cha kweli: fedha bandia, meno bandia, mguu bandia. La pili ni mwanasesere. Neno hili, kwa sababu ya kijenzi cha mwana kilicho mwanzoni mwake, huvuta upatanisho wa ngeli ya A-WA. Sanamu imeanguka, kinyago kimeanguka, lakini mwanasesere ameanguka. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiswahili anayesimulia kisa cha Kuki Ningyo humpa mhusika mkuu uhai wa kisarufi tangu onyesho la kwanza, kabla filamu yenyewe haijampa moyo. Kijapani nacho kina mpaka wake: kitenzi cha kuwepo ni iru kwa vyenye uhai na aru kwa visivyo na uhai, na neno ningyo huandikwa kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya mtu na ya pili umbo. Lugha moja inasisitiza uongo wa kitu hiki, nyingine inasisitiza umbo lake. Hakuna inayotaja kwamba kimenunuliwa.

Uhakiki huu unashughulikia hicho kinachoachwa. Kuki Ningyo (2009), iliyoongozwa na Hirokazu Kore-eda kutokana na hadithi fupi ya katuni ya Yoshiie Goda, na Romance Doll (2020), iliyoongozwa na Yuki Tanada kutokana na riwaya yake mwenyewe, zote zinahusu wanasesere wa watu wazima: wa kwanza wa kujazwa upepo, wa pili wa silikoni, aliyefinyangwa ili afanane na mwanamke halisi kadiri inavyowezekana. Usomaji uliozoeleka huziona kuwa filamu za upweke wa jijini. Usomaji huo haukosei, ila unaanzia mahali ambapo mnunuzi angependa uanzie, yaani katika hisia zake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kiini cha filamu zote mbili ni muamala: mtu amelipa, na msuko unachunguza ni nini hasa kilichomo ndani ya bei ile na ni nini kilichochukuliwa bila kulipiwa.

Sura inayouzwa katika muamala huu ina historia iliyotangulia silikoni. Mwaka 1885 afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Julien Viaud, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Pierre Loti, alikaa Nagasaki na kuingia katika ndoa ya muda kwa malipo. Mwaka 1887 alichapisha riwaya ya Madame Chrysanthème iliyotokana na mkataba huo. Msimulizi wake humlinganisha mke huyo na wanasesere mara kwa mara, kiasi kwamba tashbihi hiyo inakoma kuwa pambo na kuwa njia yake ya kutomsikiliza. Mtu anayewaunganisha wawili hawa, Kangourou, anakaa mahali pa mshenga lakini anafanya kazi ya dalali. Tofauti hiyo, ambayo Kiswahili kinaihifadhi kwa maneno mawili yasiyochanganyika, ndiyo tofauti ambayo riwaya ya Loti inaifuta. Mshenga hupeleka neno na kurudi na jibu. Dalali hupeleka bei.

Hata hivyo kuna tukio moja karibu na mwisho ambalo limemponyoka msimulizi. Siku ya kuondoka anarudi nyumbani bila kutarajiwa na kumkuta Chrysanthème akizigonga sarafu zake kwa nyundo ndogo, moja baada ya moja, kusikiliza kama ni za kweli, huku akiimba. Msimulizi anajiona ameondolewa mzigo wa kusikitika. Lakini tukio linasema zaidi ya anavyojua: aliyeitwa bandia kwa kitabu kizima ndiye anayepima kama fedha ya mnunuzi si bandia. Opera ya Puccini, Madama Butterfly (1904), iliyopokea mengi kutoka katika mkondo huu wa visa, ililiondoa jicho hilo la mwanamke linalopima, ikaweka mahali pake subira na kifo. Hadhira za Ulaya zikaipenda zaidi sura hiyo ya pili. Anne Anlin Cheng, katika Ornamentalism (2019), anaonyesha jinsi mwanamke wa Asia alivyojengwa katika fikra za Magharibi kutokana na vitu vya mapambo, hariri, kaure na lakiri, hata ubinadamu wake ukawa unatambulika kupitia vitu hivyo. Ngozi laini isiyo na tundu wala kovu, macho yaliyoinamishwa na kimya ambavyo soko la wanasesere huviuza leo kama sura ya Mashariki ya Asia si sifa za watu wa eneo lolote. Ni muhtasari wa maktaba ya watu wengine.

Je, nini hutokea pale mnunuzi naye anapokuwa Mjapani, mjini Tokyo, ambako sura hiyo si ya kigeni? Kore-eda anaanza na Hideo, mhudumu wa mkahawa, mwanamume wa makamo. Anarudi jioni, anakula chakula akiwa ameketi mkabala na mwanasesere, anamsimulia visa vya kazini, anamtunza asipate baridi. Amemwita Nozomi, jina la mpenzi aliyemwacha. Kamera haimcheki. Kwa dakika kadhaa inawezekana kabisa kumwona Hideo kuwa mume mwema kuliko waume wengi wa filamu za Japani, na hapo ndipo mtego wa filamu ulipo: wema huo unawezekana kwa kuwa hakuna upande wa pili unaoweza kuudai. Asubuhi moja Nozomi anapata moyo, ananyoosha mkono dirishani, anagusa matone ya mvua. Anatoka, anajifunza maneno, anaajiriwa katika duka la kukodisha video, na anampenda Junichi, mwenzake wa kazini.

Yanayofuata yamejengwa juu ya dhamira moja, ya kubadilishwa. Mpokeaji wageni wa ofisini anahofia nafasi yake kuchukuliwa na kijana zaidi. Mzee mmoja amewahi kuwa mwalimu wa muda, aliyeishi kwa kuziba nafasi za wengine. Nozomi mwenyewe anajua kwamba ni mbadala wa mtu, na kwamba ni bidhaa ya bei ndogo ambayo mtindo wake umekwisha kupitwa. Meneja wa duka anapoigundua siri yake anaitumia kumlazimisha, na tukio hilo lina uzito mkubwa kuliko nafasi finyu linayopewa. Meneja hakununua chochote. Lakini mara mwanamke anapotambulika kuwa ni kitu kilichowahi kununuliwa, kila mwanamume katika filamu anajihisi ana haki ya kukitumia, kana kwamba risiti ya Hideo inamhusu naye.

Kilele cha hoja hii hakiko katika mapenzi ya Nozomi na Junichi bali katika mazungumzo mafupi ya nyumbani. Nozomi anamkuta Hideo na mwanasesere mpya. Anamkabili, anataka kujua kwa nini alichaguliwa yeye. Hideo hakasiriki wala hashangilii muujiza uliotokea sebuleni mwake. Anaona usumbufu. Anamwomba, kwa upole uleule wa siku zote, kama anaweza kurudi kuwa mwanasesere. Hapa ndipo yaliyomo ndani ya bei yanapotajwa: Hideo hakulipia mwili, maana miili ya kukodi ingepatikana; wala hakulipia sura, maana sura ya Nozomi ni ya kiwanda. Alilipia haki ya kutojibiwa. Filamu ya Marekani ya Lars and the Real Girl (2007), ambayo hulinganishwa na hii, inakwepa swali hili kwa werevu. Mji mzima unakubali kumtendea Bianca kama mgonjwa na jirani, hata akawa na shughuli zake mwenyewe, na mnunuzi anaponywa. Ni filamu ya huruma nyingi, lakini huruma yote inaelekezwa kwa aliyelipa.

Uteuzi wa mwigizaji unaongeza tabaka ambalo haliwezi kupitwa. Nozomi anaigizwa na Bae Doona, Mkorea, na Kijapani chake kina lafudhi ya mgeni. Ndani ya kisa lafudhi hiyo ni ya kiumbe anayejifunza kusema. Nje ya kisa ni sauti ya mwanamke wa Korea akiigiza mali ya mwanamume wa Tokyo, katika nchi iliyoitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945 na ambayo jeshi lake liliwatia wanawake wengi wa Korea katika utumwa wa ngono. Si lazima kudai kwamba Kore-eda alikusudia hayo. Inatosha kuona kwamba sura ya Mashariki ya Asia, ambayo katalogi huiandika kana kwamba ni moja, inapasuka mara mwenye sura hiyo anapofungua mdomo. Kuna Ujapani na kuna Ukorea, kuna aliyetawala na aliyetawaliwa, na mwanasesere aliyenyamaza hawezi kuwa na lolote kati ya hayo.

Nozomi anamwendea pia mtengenezaji wake, na onyesho hili ni miongoni mwa yaliyo bora katika filamu. Chumbani wamerundikwa wanasesere waliorudishwa, na mtengenezaji anaona kwamba nyuso zao, zilizotoka kiwandani zikiwa sawa, zimekuja kutofautiana kwa jinsi walivyotendewa. Watu wakifa ni taka za kuchomwa, wao ni taka zisizochomwa. Anamuuliza kama yote aliyoyaona ulimwenguni yalikuwa mabaya. Ni mtu pekee katika filamu anayemuuliza Nozomi swali na kulisubiri jibu. Hata hivyo ndiye anayeendelea kutengeneza na kuuza, na filamu inamsamehe upesi mno kwa kuwa ni mpole.

Udhaifu mwingine ni wa kamera. Mark Lee Ping-bing anaipiga picha Tokyo kwa mwendo wa taratibu unaostahili sifa, lakini mwendo huohuo unapouzunguka mwili mtupu wa Nozomi, unauangalia kwa ustahimilivu wa mnunuzi aliye mbele ya dirisha la duka. Inaweza kutetewa kwamba mtazamaji anawekwa katika nafasi ya Hideo ili aione aibu yake. Utetezi huo ungekubalika kama kamera ingewahi, hata mara moja, kumtazama Hideo kwa namna hiyo. Onyesho la Nozomi kuvujwa upepo dukani na Junichi kumpulizia pumzi yake linaliokoa jambo hili kwa sehemu, kwa kuwa hapo mwili si wa kutazamwa tena. Ni wa kupokea kitu kutoka kwa mwingine. Junichi anapokuja kutaka kuitoa pumzi hiyo na kuirudisha kwa kujifurahisha, naye amejiunga na foleni ya wanunuzi. Anakufa kwa sababu Nozomi anamtafutia kizibo asichokuwa nacho. Ametendewa sawasawa na alivyotenda.

Romance Doll inahamia upande wa kiwanda, na kwa sababu hiyo inagusa deni ambalo Kuki Ningyo haikuligusa. Tetsuo, mhitimu wa sanaa, anaajiriwa kutengeneza wanasesere. Kazi zake za mwanzo hazifanani na mtu wa kweli. Ili kupata kifua cha kweli, yeye na fundi mkongwe wanamwita mwanamke, Sonoko, na kumwambia kwamba wanachukua chapa ya mwili wake kwa ajili ya vifaa vya tiba. Sonoko analala chini ya plasta akiamini kwamba anawasaidia wagonjwa. Tetsuo anampenda, anamwoa, na anaendelea kumficha kazi yake halisi.

Filamu inalichukulia jambo hili kama siri ya ndoa, jozi ya siri nyingine ambayo Sonoko naye anaificha, yaani ugonjwa wake. Mizani hiyo si ya haki. Ugonjwa ni wa mwili wake mwenyewe. Uongo wa Tetsuo pia ni wa mwili wa Sonoko. Kabla hajawa mke, sehemu ya umbo lake ilikwisha kuingia kalibuni, na kutoka kalibuni ikaenda kwa wanaume waliolipa bila kujua wanamkumbatia nani. Ndicho kinachofichwa na neno halisi linapotumiwa kusifu bidhaa ya aina hii. Uhalisi wa mwanasesere hautoki katika silikoni, ambayo haina sura yoyote. Katika kisa hiki umetoka kwa mwanamke aliyekuwepo, siku fulani, katika chumba fulani, na aliyeambiwa jambo lisilo la kweli.

Tanada ni mwanamke anayelisimulia soko hili kupitia sauti ya mwanamume, na uamuzi huo una faida na gharama zake. Faida ni kwamba kazi ya mikono inaonekana: uchovu, majaribio yaliyoharibika, fahari ya fundi ambayo haina tofauti na fahari ya mfinyanzi mwingine yeyote. Gharama ni kwamba Sonoko anafahamika kadiri mume anavyomfahamu tu. Tetsuo anapomtengeneza mwanasesere kwa sura ya mkewe, filamu inaiita kazi hiyo upendo, na huenda ni upendo kweli. Lakini mwanasesere huyo anatoka kwenye meza ileile na kwa mikono ileile iliyochukua chapa ya kwanza, na anayesimulia maana ya tendo hilo ni mtu mmoja. Chrysanthème wa Loti alikuwa na nyundo na sarafu za kugonga. Sonoko hapewi onyesho hata moja ambamo anasimama peke yake kiwandani, mbele ya safu ya vifua vilivyotokana na chake, akiviangalia.