Poda, Wino na Rangi ya Baiskeli

Fundi anayeandika majina kwenye maboti ya dagaa pale Bangwe huitazama mbao kwanza, rangi baadaye. Mbao ikiwa na unyevu, rangi ya mafuta haishiki. Herufi itabanduka hata kama mkono ulitulia. Fundi wa aina hiyo angeielewa upesi shida ya Tsuguharu Foujita, mchoraji aliyezaliwa Tokyo mwaka 1886 na kuhamia Paris mwaka 1913.

Foujita alipenda wino wa Kijapani, nao ni wa maji. Turubai ya Wazungu hupakwa mafuta, na maji juu ya mafuta hujikusanya kuwa matone, yakateleza. Yeye hakutaka kuacha kimojawapo. Akatengeneza weupe wake mwenyewe, laini, wenye rangi ya maziwa, kisha kwa brashi nyembamba mno akavuta mstari mmoja wa wino kutoka bega hadi kisigino cha mwanamke aliyelala. Miaka ya 1920 Paris nzima ilimjua. Namna ya kuupata weupe ule aliifanya siri. Miaka mingi baada ya kifo chake, wataalamu waliochunguza kazi zake walikuta talki ndani ya weupe huo, na picha aliyopigwa na mpiga picha Ken Domon akiwa kazini inaonyesha kopo la poda ya watoto. Naam, ileile anayopakwa mtoto akitoka kuoga.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Tunapenda kusema msanii “amechanganya tamaduni”, kana kwamba moyo mkunjufu unatosha. Kwa fundi, swali ni kipi kitashika juu ya kipi. Foujita alifariki Januari 1968. Ni miaka hiyohiyo Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, akitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Naye hakungoja vifaa vya wasanii.

Simsifu Foujita kwa yote. Picha za vita alizolichorea jeshi la Japani zilimletea lawama, na mwaka 1949 aliondoka kwao moja kwa moja. Akawa Mfaransa mwaka 1955, akabatizwa Reims mwaka 1959 kwa jina la Léonard. Mwaka 1966, akikaribia miaka 80, alichora kuta za kanisa dogo mjini humo juu ya chokaa mbichi, kazi isiyo na kufuta: chokaa ikikauka, kosa limebaki. Safari hii hakuhitaji poda. Chokaa mbichi hunywa maji yenyewe.