Misa Luba ya Kamina mbele ya wasomi wa muziki

Vijana wetu wengi wakisikia kwamba mtu anaweza kusoma muziki wa watu mpaka doktora, wanacheka. Muziki ni ya kucheza, wanasema, si ya kuandikia memwari! Lakini muziki uliotoka hapa kwetu Kamina umekwisha kusomwa mpaka doktora, tena mbali. Katika mwaka wa 2005, kwenye universite ya North Carolina huko Greensboro, Marekani, mwongozaji wa kwaya Marc Ashley Foster aliandika kazi yake ya doktora juu ya Misa Luba. Sisi tunaona ni heshima. Lakini kuko mambo ambayo mtu hawezi kuyasikia akiwa kule, na hayo ndiyo tunataka kuyasema hapa.

Kwanza tukumbushane. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikusanya watoto wa masomo na walimu wao, kikundi kikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa iliimbwa mara ya kwanza hapa Kamina, katika misioni ya Mtakatifu Bavo, tarehe 23 mwezi wa tatu 1958. Mwaka ule ule wakaenda Ulaya, na sauti zao zikakamatwa kwenye santuri ya Philips. Mwaka wa 1968 Lindsay Anderson akaitia Sanctus katika filamu yake If...., na mwaka uliofuata ikauzwa sana Uingereza pamoja na nyimbo za vijana. Basi anayesema Misa Luba ni ya kanisa tu, si muziki wa watu, ajibu kwanza hilo.

Sasa, nani aliitunga? Kwenye nota zilizochapwa Marekani mwaka wa 1964 tunasoma jina la Haazen. Padri alifanya kazi kubwa, hatukatai. Lakini mwanzoni hakukuwa na karatasi ya nota. Waimbaji walichukua maneno ya misa, ambayo waliyajua tangu utoto, wakayaimba kwa njia za nyumbani: Kyrie kwa namna ya kasala, Sanctus kwa namna ya wimbo wa kuagana, Hosanna kwa mdundo wa ngoma ya Kasai. Joachim Ngoi anaimba peke, anafungua njia, wengine wanamjibu. Wimbo unatungwa wakati ule unaimbwa. Nota inashika siku moja tu ya wimbo wa namna hiyo, ni sawasawa na picha ya mtu anayecheza.

Mwongozaji wa kwaya anatafuta mwendo, ngoma, matamshi, na ni haki yake: lazima kwaya yake iimbe. Mtu aliyenyonya Kiluba ana swali lingine kabisa. Kiluba ni lugha ya toni. Ukipandisha au kushusha sauti, neno linaweza kugeuka maana. Kwa hiyo katika kasala sauti haiendi popote inapotaka, maneno yanaichunga. Kilatini hakina toni (na Kyrie ni Kigiriki, tunajua). Basi ni nini kilichunga sauti ya Ngoi pale? Alikuwa anafuata kumbukumbu ya kasala, maneno ya Kiluba yakiwa yamejificha chini ya yale mageni, au alifunguliwa akaenda huru? Hilo peke yake ni doktora nzima, na linataka sikio lililokwisha kusikia kasala kwenye kilio.

Hata jina Luba linataka kuulizwa. Kwenye santuri ileile kuko wimbo wa Bene Kanyoka, watu wenye ufalme wao na lugha yao. Juu ya nini wote wakafunikwa na jina moja?

Kwa upande wetu, tusijisifu. Memwari nyingi za nyumbani juu ya nyimbo zinabaki kwenye maneno: mwanafunzi anaandika beti, anazigeuza kwa Kifaransa, anaeleza fundisho, basi, imekwisha. Gitare haisikiki hata mara moja! Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft aliketi akaandika gitare ya Mwenda Jean Bosco nota kwa nota, Bosco yuleyule ambaye Hugh Tracey alimkamata sauti mwaka wa 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa. Na Kazadi wa Mukuna, Mkongomani, alikwenda mpaka Brazil kutafuta sehemu ya Wabantu katika muziki wa watu wa kule. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo mbili katika urithi wa dunia, tunaogopa wanafunzi wote watakimbilia Kinshasa.

Mtoto aliyeimba mwaka wa 1958 akiwa na miaka 9 amekwisha kupita miaka 75. Nani alileta wimbo upi, mazoezi yalikwendaje, nani alikatazwa nini: hayo hayako kwenye santuri wala kwenye nota. Mwanafunzi aje na mashini ya kukamata sauti, aweke ile santuri, mzee asikilize. Aisimamishe, aulize kwa Kiluba: hapa nani alianza? Na memwari ikikwisha, kopi moja, pamoja na sauti zote, ibaki Kamina.