Sauti ya Mti au Sauti ya Jina?

Wapenzi wa ushairi tunaijua adha ya kuisema sauti kwa maneno. Mghani akimaliza shairi lake, barza husema "ana sauti", na mambo yakaishia hapo. Atakaye kuongeza atasema sauti yake ni nyororo, au nene, au ina mkwaruzo, na kila neno katika hayo limeazimwa kwa kitu kisichokuwa sauti: unyororo ni wa hariri mkononi, unene ni wa mwili, mkwaruzo ni wa ukucha juu ya ubao. Mhakiki hana budi kuazima, kwani sikio halina msamiati wake wenyewe.

Nimelikumbuka tatizo hili kwa njia nisiyoitarajia. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma maandishi ya wajuzi wa magitaa ya umeme, hasa yale ya bei ya kutisha, na nimewakuta na utajiri wa sifa ambao sisi wahakiki wa mashairi tungeuonea wivu. Gitaa hili, husema wao, "lina mti". Lile "lina kioo". Hili lina joto, lile lina asali, jingine hubweka. Swali linalonishughulisha ni la kihakiki, wala si la kifundi: je, maneno haya yanaeleza kinachosikika, au yanaeleza kinachojulikana kabla ya uzi kuguswa?

Tulichukue gitaa linalosifiwa kuliko yote, Les Paul la mwaka 1959. Kampuni ya Gibson, iliyokuwa Kalamazoo katika jimbo la Michigan huko Marekani, ilianza kuliuza gitaa la jina hilo mwaka 1952. Mwaka 1957 likatiwa vinasa vipya vya sumaku, na mwaka 1958 rangi yake ya dhahabu ikaachwa, likapakwa rangi za machweo: umanjano katikati, wekundu ukingoni. Likatengenezwa hivyo mpaka mwaka 1960. Bei yake dukani haikufika dola 300, na juu ya hayo wanunuzi walikuwa haba, hata mwaka 1961 kampuni ikalibadili umbo kabisa. Leo moja la mwaka 1959, likiwa halikuchokolewa na mafundi, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Kilipita nini katikati? Mwaka 1966 kijana wa Kiingereza, Eric Clapton, alirekodi santuri pamoja na bendi ya John Mayall kwa gitaa la aina hii na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa sana mpaka sauti ikaanza kupasuka. Vijana wenzake waliisikia ile sauti nene, inayodumu kama pumzi ya mpiga zumari, wakatoka mbio kuyatafuta magitaa yaliyokwisha kusahauliwa. Gibson nao wakalirudisha umbo lile sokoni mwaka 1968. Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa wajuzi hupenda kulisimulia kinyume chake, kana kwamba watu wa Kalamazoo walijua wanachokitengeneza. Sifa haikutoka kiwandani. Ilitoka kwenye santuri, miaka kadhaa baada ya kiwanda kukata tamaa.

Sasa tuuangalie huo "mti". Gitaa la umeme si udi wala si gambusi. Udi una tumbo tupu, na kuni zake ndizo zinazoimba. Katika gitaa la umeme, uzi wa chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Mtikisiko huo huzaa umeme kidogo katika waya, na umeme ndio unaokwenda kwenye amplifaya kuwa sauti. Kinasa hakisikii mti. Kinauona uzi tu. Mti unaweza kuubadili mtikisiko wa uzi, ni kweli, na hapo ndipo ugomvi usiokwisha ulipo, lakini athari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kinasa, na amplifaya, na spika, na unene wa nyuzi, na vidole. Mimi nasimama upande wa wanaosema kwamba wajuzi wameupa mti heshima iliyokuwa haki ya shaba.

Na shaba yenyewe ina kisa chake. Vinasa vile vya mwaka 1957 vilibuniwa na fundi Seth Lover ili kuua mvumo wa umeme uliokuwa ukiwaudhi wapigaji. Aliweka mizunguko miwili ya waya iliyopingana, mvumo wa huu ukafuta wa ule. Nyuma yake kilibandikwa kibandiko kisemacho kwamba hati ya ubunifu imeombwa, na kikaendelea kubandikwa hata baada ya hati kutolewa mwaka 1959. Lakini mashine za kuzungusha waya hazikuwa na kipimo kamili cha kuzisimamisha. Kinasa kimoja kilipata waya mwingi, cha pili kichache, na ndani ya kinasa kimoja upande mmoja ukawa mzito kuliko mwenziwe. Hivyo magitaa mawili yaliyotoka siku moja katika meza moja hayakuwa na sauti moja. Hiki ndicho kinachoitwa leo "tabia" ya gitaa la zamani, na yafaa tuseme bila haya kwamba sehemu yake kubwa ni uzembe wa mashine.

Sisemi hivyo kwa kubeza. Gitaa la Peter Green, aliyeiongoza Fleetwood Mac mpaka mwaka 1970, lilikuwa Les Paul la 1959 ambalo sumaku ya kinasa chake kimoja ilikuwa imegeuzwa. Vinasa viwili vikipigwa pamoja, sauti zao hupingana, na kinachobaki ni sauti iliyokondeana, yenye pua, kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili. Kwa sheria ya ufundi hiyo ni hitilafu. Kwa sikio langu ndiyo sauti ya huzuni iliyo kamili kuliko zote zilizopata kutoka kwenye gitaa la umeme. Gitaa hilo likenda kwa Gary Moore, na mwaka 2014 likafika kwa Kirk Hammett wa Metallica, na hakuna katika wote hao aliyethubutu kuirekebisha ile kasoro. Washairi watanielewa: iko beti ambayo mizani yake imepungua, na ukiijaza umeiua.

Stratocaster la Leo Fender, lililotoka mwaka 1954, lina silika nyingine. Fender alikuwa fundi wa redio, wala hakuwa mpigaji. Shingo yake imefungwa kwa skrubu, vinasa vyake ni vitatu, vyembamba, na sauti yake ndiyo hiyo iitwayo ya kioo. Swichi yake ya mwanzo ilikuwa na vituo vitatu, kinasa kimoja kwa kila kituo. Wapigaji wakagundua kwamba ikikwamishwa katikati ya vituo, vinasa viwili huimba pamoja, na sauti yao ni laini kama maji yanayochururika katika mtungi. Kampuni ilichelewa mpaka mwaka 1977 kuweka swichi ya vituo vitano. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nitaichukua sauti hiyo ya katikati, ambayo mbunifu hakuikusudia.

Juu ya ukongwe na sikio, ushahidi mzuri nilionao unatoka kwa ndugu wa gitaa, yaani fidla. Mwaka 2010, huko Indianapolis, wapigaji 21 walipewa fidla 6 wazijaribu wakiwa wamefunikwa macho kwa miwani ya giza: mpya 3, na kongwe 3, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Fidla 6 haziwezi kuzisemea fidla zote, na mpigaji huhitaji miezi kukizoea chombo. Hata hivyo inatosha kututia wasiwasi. Kama mabingwa hawa, waliolelewa juu ya jina la Stradivari, hawakulisikia jina hilo walipofumbwa macho, basi yule anayenunua gitaa la 1959 anasikiliza kwa kiungo gani?

Nasi tusijione tuko mbali. Tuna mashairi ya kale yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na wataalamu wamekuwa wakibishana ni yapi kwa hakika ni yake. Nimewahi kukaa katika barza ambamo shairi moja liliposomwa kwa jina la Liyongo vichwa vilitikisika, na alipotokea mtu akadai kwamba ni la mtu wa baadaye asiyejulikana, vichwa vilevile vikaanza kuziona tashibihi zake kuwa nyepesi. Shairi halikubadilika hata silabi.

Makampuni yameielewa hali hii vyema kuliko wahakiki. Tangu mwaka 1995 Fender wanauza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa mkono, rangi imebanduliwa, chuma kimetiwa kutu. Mwaka 2021 Gibson nao walifungua karakana maalumu ya kazi hiyo. Mnunuzi hulipa zaidi kadiri gitaa lilivyoumizwa. Sisi tuliokulia karibu na maduka ya makasha tunaijua biashara hii, na huwa tunamcheka mgeni anayelinunua kasha la juzi akidhani lilikuja na jahazi. Huyu wa gitaa, mskini, hana hata udhuru huo: ameambiwa wazi kuwa kovu ni la bandia, na akalipa.

Iko gharama nyingine ambayo haiandikwi. Ubao wa vidole wa Les Paul la 1959 ni mti wa Brazili ambao biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu mwaka 1992. Mwaka 2012 Gibson walikubali kulipa faini ya dola 300,000 kwa shauri la mpingo wa Madagaska, kisiwa kilicho katika bahari hii hii yetu. Na mpingo wa Kilwa na Lindi, unaokwenda Ulaya kuwa zumari na klarineti, ni wa jamaa moja na ule mti wa Brazili. Anayesema gitaa "lina mti" angalau aulize ulikatwa wapi.

Wala sidai kuwa gitaa zuri ni uongo. Les Paul lina uzito wa kilo 4 hivi. Linamkalisha mpigaji, linamlazimisha aiache noti idumu. Shingo iliyochongwa vyema huuita mkono mahali ambapo mkono usingekwenda. Hivyo chombo kinamwandika mpigaji, kama bahari ya shairi inavyomwandika malenga. Lakini Franco wa Kinshasa na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro tuliwajua redioni kwa noti mbili tu, nasi hatukupata kuuliza gitaa ni la nani. Tulisema, "huyo Mbaraka", tukanyamaza.

Juzi nimejaribu kuuleta msamiati wa wajuzi hawa nyumbani. Kijana mmoja aliimba utenzi kwa sauti ya chini, yenye ukavu mzuri, nami nikasema mbele ya watu kwamba sauti yake ina mti. Barza ikacheka. Kisha mzee aliyekuwa pembeni, fundi seremala wa zamani, akaliwaza neno langu kwa muda, akaniuliza: "Mti gani, mwanangu? Mwembe au mvule?"