Valvu Zikishukiwa: Gari Liendelee au Lizimwe?

Katika injini ya petroli inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kujifunga mara 25 kila sekunde. Valvu ya kuingiza hewa hupozwa na hewa mpya inayoipitia. Valvu ya eksozi haina nafuu hiyo: ikifunguka tu hupitiwa na moshi wa moto uliotoka kuwaka, na uso wake unaweza kufikia nyuzi 700 za Selsiasi na zaidi. Sehemu kubwa ya joto hilo huondoka wakati valvu imefungwa na kukibana kiti chake. Kutoka kitini joto huingia kwenye hedi, kisha kwenye maji ya rejeta. Valvu isiyokaa sawasawa kitini huvujisha kompresheni na papo hapo hukosa nafasi ya kupoa, hivyo ukingo wake huanza kuliwa na moto. Ubovu wa namna hii hautulii mahali pamoja: tundu likianza, moshi hulipanua kila injini inapowashwa.

Ishara inayowashtua madereva wengi ni mlio wa tapeti, ule ugongaji wa haraka unaofuata mwendo wa injini. Mara nyingi ndiyo ishara yenye hatari ndogo zaidi. Kati ya kamshafti na valvu huachwa uwazi mdogo ili chuma kipate pa kutanukia kikipata joto. Katika injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo ndani ya Probox, Succeed na IST zilizojaa barabara za Afrika Mashariki, uwazi huo hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwa valvu za eksozi. Ukizidi, chuma hugonga chuma na mlio husikika, lakini valvu bado hufunga kabisa na kupoa. Ukiisha, hakuna mlio wowote. Valvu hubaki imeinuka kidogo kutoka kitini, na injini iliyo kimya hivyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kuunguza valvu.

Basi gari linalogonga tapeti lakini lina nguvu zake zote, halimisi wala halijawasha taa ya injini, linaweza kuendeshwa hadi gereji bila wasiwasi mkubwa, mradi oili ipimwe kwanza. Injini kama 1ZR-FE ya Corolla hujirekebishia uwazi kwa msukumo wa oili. Tapeti zake zikigonga, mara nyingi oili imepungua, imechakaa au haifiki juu. Mlio ukiambatana na taa nyekundu ya oili, injini izimwe hapo hapo, kwa sababu kamshafti na beringi za konrodi nazo ziko hatarini.

Tatizo la uwazi kuisha kimya kimya lina historia. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa madini ya risasi, na masalia yake yalitandaza utando mwembamba kati ya valvu na kiti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Juni 2001, kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiondoa. Ulikuwa uamuzi wa haki kabisa, kwani risasi hudhuru ubongo wa watoto. Injini zenye viti vigumu hazikuhisi lolote. Zile za zamani, zenye viti vya chuma laini, ndizo zilizokuwa hatarini: kiti kikiliwa, valvu huzama ndani ya hedi, mkia wake husogea kuelekea kamshafti na uwazi hupungua.

Hatari hiyo hiyo inawahusu leo wenye magari yaliyofungwa mitungi ya gesi asilia, ambayo yameongezeka sana Dar es Salaam. Gesi huingia ikiwa kavu. Haina matone ya kupoza valvu wala masalia ya kukinga kiti. Si kila injini huathirika, lakini gari la gesi linalopiga kazi mchana kutwa linastahili kupimwa uwazi wa valvu mapema kuliko kitabu cha injini ya petroli kinavyoelekeza, hata kama halina mlio.

Injini ikianza kumisi, uamuzi hauwezi tena kutegemea masikio. Plagi na koili ndizo za kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuzibadilisha na ndizo chanzo mara nyingi: koili ya silinda inayomisi ikihamishiwa silinda jirani na kumisi kukahamia huko, valvu haina kosa. Kumisi kukibaki palepale, geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi. Tuseme silinda tatu zinasoma paundi 170, 168 na 172, na ya nne 60. Kijiko kidogo cha oili humiminwa ndani ya silinda hiyo na kipimo hurudiwa. Kikipanda sana, ringi za pistoni ndizo zilizochoka, kwa kuwa oili imeziba pembeni mwake kwa muda. Kikibaki chini, upepo unapita kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kipimo cha kujaza hewa humaliza ubishi. Pistoni husimamishwa juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kisha hewa ya kompresa huingizwa silindani. Ikisikika ikivuma kwenye bomba la eksozi, valvu ya eksozi inavuja. Ikisikika njia ya hewa, ni valvu ya hewa. Ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Mapovu yakitokea kwenye rejeta, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Kazi hii haihitaji kufungua hedi, na fundi anayetaka kuifungua bila kupima kwanza anabahatisha kwa fedha za mteja.

Valvu ikithibitika imeungua, gari bado litatembea, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Petroli isiyowaka katika silinda mbovu husukumwa kwenye eksozi na kuungulia ndani ya kisafisha moshi, ambacho hupata joto hadi kuyeyuka na kuziba. Taa ya injini inayomweka, badala ya kuwaka tu, hutahadharisha juu ya jambo hilo. Safari pekee inayokubalika ni fupi, ya kwenda gereji, bila mzigo, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, na gari lisiegeshwe juu ya majani makavu. Taa ikiendelea kumweka, livutwe na brekidauni. Kazi ambayo ingeisha kwa valvu moja na kusaga kiti, ikicheleweshwa hugeuka kuwa hedi nzima pamoja na eksozi.

Ziko hali mbili ambazo hata mita mia ni nyingi: springi ya valvu iliyokatika na taimingi iliyoruka. Novemba 2018 Subaru ilitangaza kuita takriban magari 400,000 duniani, yakiwemo Impreza, Forester na BRZ, kwa sababu springi za valvu zingeweza kukatika na kuzima injini njiani. Springi ikikatika, valvu inaweza kudondoka silindani na kugongwa na pistoni hadi zote zivunjike. Mkanda wa taimingi ukikatika, matokeo hutegemea injini. Katika Toyota 7A-FE pistoni haizifikii valvu, na mkanda mpya hutosha. Katika dizeli nyingi nafasi ni finyu mno na valvu hupinda. Ndiyo maana Land Cruiser yenye injini ya 1HZ huwasha taa ya mkanda kila kilomita 100,000. Anayeshuku taimingi asipige stata kujaribu, bali injini izungushwe taratibu kwa spana.

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa, kisha ukapotea, ni wa sili za valvu zilizokakamaa. Gari hilo liendeshwe tu, oili ikipimwa kila linapojazwa mafuta.

Hedi ikishafunguliwa, isifungwe kwa sababu tu valvu iliyoungua imebadilishwa. Unyoofu wake hupimwa kwa rula ya chuma, gaidi za valvu hukaguliwa kama zimelegea, kisha hedi hulazwa ubavu na mafuta ya taa humiminwa katika matundu ya hewa na ya eksozi huku valvu zimefungwa. Valvu itakayovujisha tone upande wa silinda hurudishwa kusagwa.