Kamera Mikononi mwa Wanafunzi

Watu wa milima ya Kentucky, Marekani, walikwisha kupigwa picha tele na wageni waliokuja kutazama ufukara wao. Wendy Ewald, aliyesomesha huko miaka ya 1970, aliwatia wanafunzi wake kamera mikononi. Wakapiga na kusafisha picha wenyewe. Kitabu chao, Portraits and Dreams, kilitoka 1985. Kasoro yake iko jaladani: mwalimu ana jina, wao ni “watoto wa Appalachia” tu. Lakini kifungue. Mmoja aliota amemwua sahibu yake, basi akampiga picha kalala mtini kama maiti. Mwalimu wa kusahihisha tahajia tu, khofu hiyo angeisikia wapi, na mtoto mwenyewe pengine kalamu inamlemea?