Nani aliiruhusu crtfastmath.o iingie kwenye maktaba?

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda: GCC ilikosea, tena vibaya. Uamuzi wa kupachika faili la crtfastmath.o ndani ya kila maktaba ya .so iliyounganishwa kwa -ffast-math au -Ofast haukuwa na utetezi siku ulipofanywa, na haujaupata hadi leo. Taarifa ya hitilafu ilifunguliwa mwaka 2012 na kupewa namba 55522. Marekebisho yakaja na GCC 13, mwaka 2023. Katika miaka hiyo mtu angeweza kuanza shahada ya kwanza, akamaliza ya uzamivu, na kila jedwali la tasnifu yake likawa limepita kwenye kompaila yenye kasoro iliyokwisha kuripotiwa.

Ngazi ya maktaba za kisayansi mnaijua. zlib kwanza, HDF5 juu yake, kisha NetCDF-C, halafu NetCDF-Fortran, ambayo ilitenganishwa na mwenzake tangu toleo la 4.2 na bado hakosekani mtu wa kushangaa kwa nini modeli ya hali ya hewa ya WRF haioni netcdf.inc. Pembeni kuna OpenBLAS, FFTW na MPI. Na mnamjua pia yule fundi anayefungua teminali na, kabla hajapakua chochote, anaandika export CFLAGS="-Ofast -march=native". Kila configure inayofuata inairithi. make inakimbia bila kunung'unika, programu inawaka, fundi anapiga picha ya skrini.

Kuhusu -march=native kwenye klasta yenye prosesa mchanganyiko nimeshaandika ya kutosha, na sitarudia. Angalau kosa hilo lina adabu: nodi ya zamani ikikutana na amri isiyoijua inakufa papo hapo, nawe unajua umekosea. Hili la -Ofast halikuambii kitu.

Tupunguze mwendo hapa, maana tukio linatokea katika hatua ambayo wengi hawaitazami. Msimbo wote umeshakompailiwa, mafaili ya .o yako tayari. gcc inaitwa mara nyingine, safari hii kuunganisha tu: gcc -shared -Ofast, orodha ya mafaili, -o libkitu.so. Inaliona neno -Ofast kwenye mstari na kuongeza kimya kimya faili ambalo hukuliandika wala hukuliomba. Ndani ya faili hilo mna kazi moja fupi, nayo imewekwa ijiendeshe yenyewe maktaba inapopakiwa. Haingoji uite chochote. Ukifungua maktaba kwa dlopen, kazi hiyo imeshafanyika kabla dlopen haijakurudishia jibu.

Na inafanya nini? Kwenye x86-64 inawasha biti mbili za rejista ya MXCSR. Biti ya 15 ni FTZ: jibu lolote lililo dogo kuliko namba ndogo kabisa ya kawaida linageuzwa sifuri. Biti ya 6 ni DAZ: namba ya namna hiyo ikiingia kwenye hesabu inachukuliwa kuwa sifuri tangu mlangoni. Kwa maneno mengine, subnomali zote, kuanzia takriban 2.2e-308 kushuka hadi 4.9e-324, zimefutwa kwenye ramani.

Sasa jiulize rejista hiyo ni ya nani. Si ya maktaba. Ni ya uzi wa utekelezaji ulioipakia, na nyuzi zitakazozaliwa kutoka kwake zinairithi. Nyuzi zilizozaliwa kabla ya hapo zinabaki na hali ya zamani. Kwa hiyo ndani ya programu moja, kwenye mashine moja, unaweza kuwa na nyuzi mbili zinazojibu swali lilelile la hesabu kwa majibu mawili, na tofauti yao ni ipi ilizaliwa kabla ya import ipi. Msimbo wako ulioujenga kwa -O2, ukaupima, ukaulinganisha na toleo la mwaka jana, umebadilishiwa kanuni na mtu asiyehusika. Ni sawa na mpangaji wa chumba kimoja kwenda kuchezea mita ya umeme ya nyumba nzima kwa sababu taa yake ilikuwa inamkera.

Kuna wanaosema: subnomali, nani anazihitaji? Chukua x iwe 3e-308 na y iwe 2.5e-308. Hazilingani, kila mtu anaona. Toa moja kwenye nyingine: jibu ni 5e-309, ambalo ni subnomali. Chini ya FTZ linakuwa sifuri. Kwa hiyo ule mstari ambao kila mwanafunzi wa Fortran ameuandika, wa kuuliza kama x ni tofauti na y kabla ya kugawanya kwa x kutoa y, haumlindi tena. Anapita ukaguzi, anagawanya kwa sifuri, anapata infiniti, na anakwenda kuitafuta hitilafu kwenye fizikia yake.

Hoja hii si yangu, na si mpya. William Kahan wa Berkeley aliipigania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati kiwango cha IEEE 754 kinaandikwa. Wapinzani wake wakubwa walikuwa DEC, wenye mashine za VAX, ambao hawakutaka kabisa kushuka polepole kuelekea sifuri. DEC wakamwajiri G. W. Stewart, mtaalamu wa uchambuzi wa makosa ya hesabu, atathmini jambo hilo. Stewart akaja kwenye kikao cha Boston mwaka 1981 na kusema kwamba kushuka polepole ndiyo njia sahihi. Aliyelipwa na upande mmoja akaupa ushindi upande wa pili kwa sababu hesabu ilikataa kumfuata mlipaji. Kiwango kikapitishwa mwaka 1985, Kahan akapata Tuzo ya Turing mwaka 1989. Hao walikuwa watu. Walibishana miaka juu ya kipande hicho cha mwisho kabla ya sifuri, wakakipata kwa hoja, kisha mstari mmoja kwenye mipangilio ya kompaila ukakitoa bila kikao chochote.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba jibu sahihi lilikuwa linajulikana. Kompaila ya Intel ina swichi yake, -ftz, inayofanya jambo lilelile kwenye rejista ileile. Lakini nyaraka zake zinasema wazi kwamba inafanya kazi pale tu inapotumika kukompaili programu kuu, ile yenye main. Ukiiweka kwenye maktaba, haigusi mchakato mzima. Tofauti yote iko hapo. Mwenye programu ana haki ya kuchagua kasi badala ya subnomali. WRF, ambayo watabiri wa hali ya hewa wa Tanzania na Kenya wanaitumia, inapojengwa kwa Intel inakuja na -ftz kwenye mipangilio yake yenyewe, na sina neno: ni programu yao, wanajua namba zao, wamelitamka chaguo lao kwenye configure.wrf ambako kila mtu analisoma. Kwa gfortran mipangilio yao ni -O2 -ftree-vectorize -funroll-loops, kwa kiasi, bila mbwembwe. Kazi nzuri. Maktaba ya mgeni haina haki hiyo.

Madhara ya uamuzi huo wa GCC yalifika mbali na sayansi. Mwaka 2022 mtafiti mmoja wa Marekani, akifuatilia onyo la NumPy lililosema subnomali ndogo kabisa ya aina fulani ni sifuri, aligundua kwamba mhusika alikuwa gevent. Wasomaji wa Python wanaijua: ni maktaba ya kushughulikia miunganisho ya mtandao. Haina hesabu ya desimali ya kujivunia. Ilijengwa kwa -Ofast, basi, na kila aliyeipakia alibadilishiwa hesabu zake za NumPy.

Na kuna kituko ambacho hata leo nikikieleza watu wanadhani natania. Ukiandika -Ofast kisha ukaongeza -fno-fast-math ili kujiepusha, GCC za kabla ya 13 bado zinaliunganisha faili lile. Hatua ya kukompaili inakutii, ya kuunganisha inaangalia kama neno -Ofast limeandikwa mahali fulani kwenye mstari na kuendelea na yake. Umesema hapana, imesikia ndiyo.

Watetezi wana hoja moja ya haki, niitaje: prosesa nyingi za Intel za miaka iliyopita zilikuwa zinakwama kwenye subnomali, hesabu moja ikila mizunguko zaidi ya mia, na kwa kazi za sauti zenye mawimbi yanayofifia hilo linaonekana. Sawa. Anayehitaji awashe mwenyewe, na GCC 13 imempa swichi ya -mdaz-ftz kwa kazi hiyohiyo.

Hata bila lile faili, -ffast-math ni furushi ambalo wanaolibeba hawajalifungua. Ndani yake mna -ffinite-math-only, inayoiahidi kompaila kwamba NaN haipo duniani, na baada ya ahadi hiyo isnan inajibu hapana daima. Mwenye data ya joto la bahari iliyojaza NaN mahali pa nchi kavu ajue kwamba kichujio chake kimeondolewa na kompaila. R ndiyo hatari zaidi, maana NA yake ni NaN iliyofichwa namba 1954 ndani. Mna pia ruhusa ya kupanga upya ujumlishaji. Ujumlishaji wa fidia ambao Kahan aliutoa mwaka 1965, ule unaohifadhi mabaki madogo yanayopotea, unategemea hesabu ambayo kwenye karatasi ya aljebra ni sifuri tupu. Kompaila iliyopewa ruhusa inaiona sifuri hiyo, inaifuta, na unabaki na jumla ya kawaida iliyovaa jina la Kahan.

Linganisheni na walioandika maktaba ya LAPACK, mwaka 1992. Kwenye make.inc yao kulikuwa na seti mbili za swichi: moja ya msimbo wote, nyingine isiyo na uboreshaji wowote kwa ajili ya dlamch na wenzake, kwa kuwa kazi ya dlamch ni kuipima mashine yenyewe na walijua kompaila yenye bidii ingeharibu kipimo. Mafaili machache, swichi zake mbalimbali, sababu inayoeleweka. Wakati huo mtu alikuwa anajua kila faili linataka nini. Leo tunarusha CFLAGS moja juu ya ngazi nzima kama vile zlib na kisuluhishi cha milinganyo ni kitu kimoja.

Wapo wanaoendeleza desturi ile ya LAPACK. EasyBuild, zana ya kujenga programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Ghent, kwa GCC inatumia -O2 -ftree-vectorize -march=native -fno-math-errno: imelifungua furushi, ikatoa kipande kimoja kisicho na madhara, ikaviacha vingine. Spack, zana nyingine ya aina hiyo, inaandika RPATH ndani ya kila inachokijenga, ili maktaba ijue ndugu zake walipo bila kuulizia njiani. Hapo ndipo ninapokumbuka wale ambao hadi leo wanaweka LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc, kisha ncdump ya mfumo inapakia HDF5 ya nyumbani kwao na wanalaumu mfumo. Nimelisema mara nyingi kiasi cha kuchosha, na nitaendelea.

Nalo make check. Mtu anatumia nusu siku kujenga HDF5 na hataki kuiachia muda ijipime. Majaribio yake yanahusu, pamoja na mengine, kugeuza namba kutoka aina moja kwenda nyingine, hadi kwenye zile ndogo kupindukia. Aliyejenga kwa -Ofast na kuruka majaribio amechagua kutojua.

Clang nao, kwenye toleo la 19 mwaka 2024, wameitangaza -Ofast kuwa imepitwa na wakati, na kwamba anayeitaka atamke -O3 na -ffast-math kwa majina yake. Ni hatua nzuri iliyochelewa. Tatizo ni kwamba klasta hazihami haraka. Rocky Linux 8 inakuja na GCC 8.5, Ubuntu 22.04 na GCC 11, zote za kabla ya marekebisho. Kama unajenga juu ya hizo, iondoe -Ofast kwenye CFLAGS na LDFLAGS leo, jenga upya maktaba zako, kisha fungua Python, pakia kila kitu unachokitumia, na uulize numpy.finfo(float).smallest_subnormal. Ikijibu au kuonya kuwa ni sifuri, kuna maktaba bado haijasafishwa. Zipakie moja moja hadi uikamate, na uwaandikie wanaoitunza.