Wanaofika Kabla ya Kwaya

Jumapili kambini Dzaleka huanza Jumamosi jioni. Mama mmoja ananyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ya kanisa, anangoja vumbi litulie, ndipo anafagia. Maji yenyewe ameyapangia foleni kwenye pampu ya mkono, kidumu kwa kidumu. Kambi hii ya Wilaya ya Dowa, Malawi, ambayo zamani ilikuwa gereza, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 ikikusudiwa watu kama 10,000. Sasa wamezidi 50,000. Maji yanagombewa.

Kesho yake mhubiri atashangiliwa, kwaya itapigiwa vigelegele. Ni haki yao, wamefanya mazoezi. Ila fagio halijawahi kupigiwa makofi.

Nawaheshimu zaidi wale wa hospitali. Mgonjwa akipelekwa Lilongwe, lazima awe na mtu wa kumpikia na kumfulia. Asiye na ndugu hupata mama wa kanisa, aliyejifunga kitenge akabeba sufuria, unga na sabuni, akapanda minibasi. Analala sakafuni. Anasonga nsima, anafua shuka zenye damu, anamwaga choo cha mtu asiyemjua, na Kichewa chake ni cha kuokoteza. Waumini wa mtaa wa Area 25 mjini humo wakipata habari huleta mkaa, kisha huondoka bila kupiga picha.

Nilimuuliza mmoja kwa nini hakusimama siku ya ushuhuda. Akacheka: “Mwalimu, ningesema nini? Nilifua.”

Jumapili hii, ukikuta benchi limefutwa vumbi, ujue kuna aliyelifuta.